Ukirushwa Mtandaoni Kuwa Tapeli: Mwongozo Kamili wa Kulinda Jina Lako, Usiku wa Kwanza Hadi Mwaka Unaofuata

Saa mbili usiku simu inaanza kuita mfululizo. Wa kwanza ni binamu: "Umeona kilichorushwa kwenye kundi?" Wa pili ni mteja anayetaka arudishiwe kianzio chake. Ukifungua unakuta picha yako, ile ya Idi uliyoiweka kwenye profaili, na chini yake namba yako ya simu na maandishi mekundu: JIHADHARI NA TAPELI HUYU. Komenti 60. Na kila dakika zinaongezeka.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Ili tusizungumze hewani, nitamfuata mpishi mmoja wa keki wa kubuni, anayeishi Tabata. Mteja wake alichelewa siku nzima kuchukua keki ya harusi, krimu ikaharibika, mteja akakataa kuipokea, kisha akaandika kwenye kundi la Facebook lenye maelfu ya watu kwamba "ameliwa" laki moja na nusu. Sheria nitakazozitaja ni za Tanzania kwa sehemu kubwa, na za Kenya pale zinapotofautiana kwa namna itakayokugusa.

Nianze na ninachokiamini kabisa: wengi hawashindwi kwa kukosa haki. Wanashindwa kwa sababu usiku ule wa kwanza waliharibu ushahidi wao wenyewe. Wanatukana, wanaripoti posti ifutwe kabla hawajaihifadhi, au wanafuta akaunti kwa aibu na mazungumzo yote na mteja yanapotea nayo.

Hatua ya kwanza: usiku huo usiandike chochote

Najua ni ngumu. Mwili mzima unataka kujibu. Lakini kila komenti unayoiweka, hata ya kukanusha, inaiambia Facebook au TikTok kwamba posti hii ina moto, na mtandao unaipeleka kwa watu wengi zaidi. Ndugu na marafiki wakija kukutetea kwa fujo wanafanya kazi hiyo hiyo. Waambie wakae kimya, na uwaambie mapema, maana mdogo wako wa kiume tayari anachapa matusi.

Kuna sababu ya pili. Ukimjibu kwa kumwita malaya au mchawi, kesho mnakuwa wawili wenye makosa. Wakili wake ataanza na skrinishoti ya matusi yako.

Kama huwezi kujizuia, mpe simu mtu unayemwamini, mkeo, kaka yako, jirani, aishike hadi asubuhi. Lakini kabla hujampa, fanya hatua ya pili, kwa sababu aliyerusha anaweza kufuta usiku huo huo.

Hatua ya pili: hifadhi kila kitu, kana kwamba kitafutwa baada ya saa moja

Hapa ndipo nakuomba utumie muda mwingi kuliko pengine popote. Skrinishoti moja ya maneno "tapeli huyu" iliyokatwa pembeni haina nguvu unayodhani inayo. Hakimu, polisi au ofisa wa mtandao atauliza: nani aliandika, wapi, lini, na nani aliona? Kila kitu unachohifadhi kijibu swali mojawapo kati ya hayo.

Piga skrinishoti ya posti nzima bila kuikata, saa ya simu yako ionekane juu. Kisha ingia kwenye profaili ya aliyerusha na uipige pia. Angalia jina la akaunti lile linaloanza na alama ya @, au lile linaloonekana kwenye anwani ya ukurasa. Jina kubwa la juu anaweza kulibadilisha kwa sekunde tano. Nakili kiungo cha posti yenyewe: bonyeza muda ulioandikwa chini ya jina au nukta tatu pembeni, chagua kunakili kiungo, ukibandike mahali salama. Bila kiungo hicho, baadaye utakuwa unamwambia mtu "ilikuwa kule kwenye lile kundi".

Rekodi video ya skrini ukianzia kwenye kundi, unafungua posti, unashuka komenti zote hadi mwisho, unarudi juu. Video ya namna hii ni ngumu kuidai kuwa ya kutengeneza, na inashika komenti za watu wanaosema "mimi nilitaka kuagiza kwake, sasa basi". Komenti hizo ni dhahabu. Zinaonyesha hasara.

Kwa WhatsApp, gusa jina la aliyetuma ili namba yake kamili ionekane, upige skrinishoti. Kama ujumbe una alama ya kusambazwa, kumbuka kwamba aliyeuleta kwenye kundi huenda siye aliyeutunga. Mwulize kwa upole ameupata wapi, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Hamisha mazungumzo yote yenye ujumbe huo uyatume kwenye barua pepe yako. Angalia pia kama kundi limewekewa ujumbe wa kujifuta, maana baada ya siku 1, 7 au 90 utaondoka wenyewe.

Picha usizitume WhatsApp kama picha za kawaida; zinapunguzwa ubora na taarifa zake zinapotea. Zitume kama faili, au uziweke kwenye barua pepe. Na simu uliyopigia skrinishoti usiiuze wala kuiformati. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini uzito wake unapimwa kwa namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haukuchezewa. Simu yenyewe ndiyo shahidi wako. Kenya nako wanataka cheti maalum kinachoeleza kifaa kilichotoa nakala hiyo, chini ya kifungu cha 106B cha sheria yao ya ushahidi.

Halafu tafuta binadamu. Kashfa si maneno tu. Ni maneno yaliyomfikia mtu mwingine akaelewa kwamba ni wewe unayesemwa. Kwa hiyo unahitaji watu wawili au watatu wanaokujua, walioisoma posti kwa simu zao wenyewe, na walio tayari kusema: niliona, nikajua ni yeye, nikaanza kumtilia shaka. Andika majina yao leo.

Mwisho wa hatua hii, nunua daftari. Ukurasa wa kwanza andika kilichotokea kwa tarehe na saa. Kurasa zinazofuata ni za hasara: oda iliyofutwa, nani, lini, shilingi ngapi. Mpishi wetu achukue na taarifa ya miamala ya simu ya miezi 6 kabla ya posti, ili mapato ya kabla na ya baada yaweze kulinganishwa. Mtu anayesema "biashara imekufa" anasikilizwa kwa huruma. Anayeonyesha kwamba Machi aliingiza laki nane na Aprili laki mbili anasikilizwa kwa makini.

Hatua ya tatu: gawa maneno yao kwenye mafungu matatu

Asubuhi, ukiwa umelala walau kidogo, soma posti upya ukiwa na kalamu. Kila sentensi iweke kwenye fungu lake.

Fungu la kwanza ni uongo kuhusu jambo linaloweza kuthibitishwa: "amekula laki na nusu akazima simu". Hapa ndipo kesi ilipo. Fungu la pili ni maoni: "keki zake mbovu", "ana dharau". Yanauma, ila mteja ana haki ya kusema hapendi keki. Fungu la tatu ndilo watu hawapendi kuliangalia: ukweli usiopendeza. Je, ulichukua kianzio cha mtu mwingine mwaka jana hukurudisha? Ukweli ni ngao kubwa ya mdaiwa katika madai ya kashfa. Ukienda mahakamani na fungu la tatu limejaa, utatoka umechafuka zaidi, tena kwa hukumu iliyopigwa muhuri.

Nasema hivi kwa kukutakia mema: kama kuna kiasi fulani cha kweli, lipa deni hilo kwanza. Laki moja na nusu inayorudishwa leo, kwa risiti na mashahidi, inatibu kitu ambacho milioni tatu za wakili hazitakitibu. Kisha dai kuhusu kile tu ambacho ni uongo.

Na ujumbe wa matusi uliotumiwa wewe peke yako, bila mtu wa tatu kuuona, si kashfa. Unaweza kuwa unyanyasaji wa mtandaoni, ambao una njia yake polisi. Usichanganye njia hizi mbili.

Hatua ya nne: wafikie watu wako kabla uvumi haujawafikia

Hapa natofautiana na ushauri mwingi unaotolewa. Wengi watakwambia upambane na posti. Mimi nasema jina lako haliko kwenye kundi lile la maelfu; wengi wao hawakujui na kesho watakuwa na mtu mwingine wa kumsema. Jina lako liko kwa watu kati ya 30 na 50: wateja wa kudumu, mwenye nyumba, wakwe, mwajiri, mwalimu mkuu wa shule ya wanao, mhazini wa VIKOBA, mchungaji au imamu, msambazaji anayekukopesha unga na mayai. Hao ndio wanaoamua kama utalala na njaa.

Waandike kwenye daftari, kisha wapigie. Usiwatumie ujumbe, maana ujumbe unapigwa skrinishoti na kuanza safari yake. Wale wakubwa, wakwe na viongozi wa dini, waendee kwa miguu. Maneno yasizidi sentensi nne. Mpishi wetu anaweza kumwambia mama mkwe hivi:

"Shikamoo mama. Kuna jambo limeandikwa juu yangu mtandaoni, nimeona ulisikie kutoka kinywani kwangu, ulifahamu kabla hujaambiwa na watu. Mteja anasema nimemtapeli. Si kweli, keki ilikuwa tayari, akaja siku ya pili, na ujumbe wote ninao hapa. Nalishughulikia kwa utaratibu, nakuomba tu ukiulizwa ujue."

Kisha nyamaza, umwache aulize. Usimseme vibaya aliyekuchafua. Wazee wanapima utulivu wako kuliko maelezo yako.

Kama umeajiriwa, mwendee msimamizi wako siku ya kwanza ya kazi ukiwa na nakala mbili tatu za ushahidi. Bosi aliyesikia kwako atakuwa na la kusema wenzake wakimletea posti. Aliyesikia kwa wengine anajiuliza ulikuwa unaficha nini.

Hatua ya tano: omba posti iondolewe, kwa sababu iliyo sahihi

Kama admini wa kundi anafikika, anza naye. Mtumie ujumbe mfupi wa heshima wenye kiungo, sentensi moja ya kilicho cha uongo, na ombi la kuondoa. Wengi huondoa ili kukwepa matatizo.

Kisha ripoti kwenye mtandao wenyewe. Kosa la kawaida ni kuchagua "habari ya uongo" na kuandika maelezo marefu. Watu na mashine zinazopitia ripoti hazijui kama keki ilikuwa tayari saa nne asubuhi, na hazitajaribu kujua. Zinachoweza kuona ni kile kinachoonekana kwa macho: namba ya simu ya mtu binafsi, picha ya kitambulisho cha NIDA, anwani ya nyumbani, tishio, akaunti inayojifanya kuwa wewe. Ripoti kwa sababu hiyo. Kama posti imetumia picha uliyoipiga mwenyewe, mwenye hakimiliki ni wewe, na malalamiko ya hakimiliki yana fomu yake tofauti ambayo mitandao mikubwa huichukulia kwa uzito. Ila usidai hakimiliki ya picha iliyopigwa na mpiga picha wa harusi. Hiyo inaweza kuwa yake.

Kuhusu Google, elewa jambo moja. Google haimiliki ukurasa ule; inauonyesha tu. Ikikubali kuuondoa kwenye utafutaji, ukurasa bado upo kwa mwenye kiungo. Kwa hiyo pigania kwanza ufutwe kwenye chanzo, halafu tumia zana ya Google ya maudhui yaliyopitwa na wakati ili kivuli chake kiondoke. Wanayo pia fomu ya kuondoa namba ya simu na anwani binafsi, na nyingine ya madai ya kisheria, ambako amri ya mahakama inasaidia sana. Haki ya "kusahauliwa" ambayo watu huitaja ilitokana na hukumu ya Mahakama ya Haki ya Ulaya ya Mei 2014 dhidi ya Google. Ni haki ya Ulaya. Ndugu yako anayeishi Ujerumani anaweza kuitumia kwa jina lake. Wewe wa Tabata usiitegemee.

Kwa gazeti, redio au chombo cha habari cha mtandaoni, Baraza la Habari Tanzania limekuwa likisuluhisha malalamiko ya namna hii tangu miaka ya 1990, na Kenya ipo kamisheni ya malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari. Ni rahisi na haraka kuliko mahakama.

Onyo: watatokea watu wakikwambia wanaweza "kuishusha" akaunti ile kwa elfu hamsini. Usitume hata shilingi. Na kama aliyerusha mwenyewe anaomba hela ili afute, usibishane naye. Hifadhi ujumbe huo, maana sasa amefungua kosa la pili.

Hatua ya sita: barua ya madai

Kama unamjua aliyefanya, mwandikie kabla ya kwenda mbali. Barua ya wakili ina uzito, lakini hata uliyoiandika mwenyewe vizuri inafanya kazi. Iwe fupi, baridi, na yenye mambo manne: maneno yenyewe kama yalivyo, yaliandikwa wapi na lini, kwa nini si kweli, na unataka nini kifanyike ndani ya siku ngapi. Kwa mfano:

"Tarehe 4 mwezi huu, kwenye kundi la Facebook liitwalo ……, uliandika: 'huyu mama ni tapeli, amekula laki na nusu yangu akazima simu.' Maneno hayo si kweli. Keki uliyoagiza ilikuwa tayari tarehe 2 saa nne asubuhi. Nilikupigia mara tatu na kukutumia picha yake, ukaja tarehe 3 jioni. Simu yangu haikuzimwa. Nakutaka, ndani ya siku 7 tangu upokee barua hii, ufute posti hiyo popote ulipoiweka, uandike kanusho katika kundi lile lile na uliache hapo siku zisizopungua 30, na usirudie maneno hayo. Usipofanya hivyo nitachukua hatua za kisheria, na gharama zake zitakuwa juu yako."

Mpelekee kwa mkono mbele ya shahidi, asaini nakala. Au itume kwa barua pepe na WhatsApp ukihifadhi alama za kupokelewa.

Kanusho liandike wewe, umpe alichapishe. Ukimwachia, ataandika "samahani kwa wote niliowaambia fulani ni tapeli", picha yako ikiwa juu yake, na skrinishoti ya kanusho itasafiri kama posti mpya. Liwe na jina lako, sentensi inayosema tuhuma zilikuwa za uongo, na msamaha. Neno "tapeli" lisiwepo, picha isiwepo.

Kama ni jirani au ndugu, mara nyingi ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti na mashahidi, inamaliza jambo vizuri kuliko barua ya wakili. Makubaliano yaandikwe, yasainiwe, kila mmoja abaki na nakala. Upatanisho wa mdomo tu husahaulika msiba unaofuata ukikutana na chuki ya zamani.

Hatua ya saba: polisi na mahakama

Njia hizi zina malengo tofauti, na ukijua unataka nini utajua uende wapi.

Ukitaka kumfahamu mtu aliyejificha nyuma ya akaunti feki, unahitaji polisi. Kampuni ya simu haikupi wewe taarifa za mwenye laini. Inawapa vyombo vya dola kwa utaratibu. Watu hujaribu kuingiza namba kana kwamba wanatuma hela ili waone jina linalotokea. Jina hilo ni dokezo tu, laini nyingi zimesajiliwa kwa majina ya wengine. Usilitangaze, utamchafua asiyehusika na kuwa mdaiwa wewe. Nenda kituoni, eleza, pata namba ya RB, yaani namba ya taarifa uliyotoa (Kenya wataiita OB), uulize kitengo cha makosa ya mtandao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha habari akijua ni za uongo kwa nia ya kukashifu. Adhabu inayotajwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kifungu cha 23 kinahusu unyanyasaji wa mtandaoni. Beba ushahidi uliochapishwa na ulio kwenye flashi.

Lakini kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mtu anaweza kufungwa na wewe usipate hata senti ya keki zilizoachwa. Fidia iko kwenye kesi ya madai, na saa yake inahesabu. Tanzania una miaka 3 ya kufungua madai ya namna hii. Kenya, ambako wengi hudhani ni mitatu pia, kwa kashfa ni miezi 12 tu. Na kama mtu wako anaishi England na unataka kumshtaki huko, ni mwaka mmoja. Nasisitiza kwa sababu wengi wanapoteza kesi nzuri wakisubiri "labda ataomba msamaha".

Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta kashfa kama kosa la jinai mwezi Februari 2017, hivyo huko mlango mkuu wa kashfa ni madai. Sheria yao ya kashfa imeweka pia kiwango cha chini cha fidia pale mtu anapotuhumiwa kwa maandishi kutenda kosa la jinai: shilingi milioni 1 kama kosa lina adhabu ya kifo, na laki nne kama lina kifungo cha miaka 3 au zaidi. Kumwita mtu mwizi au jambazi bila ushahidi huko kuna bei iliyoandikwa.

Kabla ya kufungua kesi, jiulize kwa utulivu: huyu mtu ana kitu cha kulipa? Kesi itachukua muda mrefu, utasimama kizimbani ukiulizwa maswali ya kudhalilisha, na vyombo vya habari vinaweza kurudia tuhuma zile zile. Kwa mpishi wetu, mimi ningeishia kwenye kanusho. Kwa daktari aliyeitwa muuaji au mwalimu aliyeitwa mbakaji, ningeenda mahakamani bila kusita. Usipokuwa na uwezo, msaada wa kisheria upo chini ya sheria ya mwaka 2017. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) kwa Tanzania, FIDA (mawakili wanawake) kwa wanawake Kenya.

Mikopo ya simu na picha za faragha

Kuna uchafuzi wa jina unaofanywa na programu za mikopo: umechelewa siku mbili, wanawatumia watu wote kwenye orodha ya simu yako ujumbe kwamba wewe ni mwizi. Kudaiwa si ruhusa ya kudhalilishwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Novemba 2024 Benki Kuu ilichapisha orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, hivyo angalia kwanza kama waliokukopesha wamo. Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu waliopatikana bila idhini na kuwatumia vitisho. Waombe waliopokea ujumbe wakutumie skrinishoti, na wao pia walalamike. Namba zao zimetumika bila ruhusa.

Picha za utupu ni jambo lingine kabisa na lina haraka yake. StopNCII.org inakuwezesha kutengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako, picha yenyewe isitoke, na mitandao iliyojiunga inazuia nakala zake. Kwa aliye chini ya miaka 18, huduma inayofanana inaitwa Take It Down. Picha ya mtoto usiisambaze hata kwa nia ya ushahidi. Hifadhi kiungo na jina la akaunti, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Na usimuulize aliyedhalilishwa kwa nini alijipiga. Swali hilo limewamaliza wengi kuliko picha zenyewe.

Hatua ya nane: mwaka unaofuata

Posti imefutwa, kanusho limewekwa, watu wamesahau. Miezi minane baadaye mpishi wetu anaomba tenda ya keki kwenye hoteli, ofisa manunuzi anaandika jina lake Google, na kwenye ukurasa wa kwanza kuna blogu iliyonakili ile posti. Madhara ya muda mrefu yanakuja kwa njia hii, kimyakimya, kwa mtu asiyekuuliza chochote. Anakupita tu.

Kwa hiyo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, tafuta jina lako kwa simu ya mtu mwingine, maana simu yako inakuonyesha unachokipenda. Andika majina yote mawili, kisha matatu, kisha jina la biashara, kisha namba ya simu. Namba ndiyo watu husahau, na ndiyo huwekwa kwenye posti za kutahadharisha kuhusu matapeli.

Ukurasa wa kwanza wa Google una nafasi chache, na nafasi hizo unaweza kuzijaza. Sajili biashara kwenye ramani za Google, fungua ukurasa wa LinkedIn hata kama ni mpishi, weka ukurasa mdogo wenye jina lako kamili kwa tahajia ile ile kila mahali. Pandisha picha za kazi zenye maelezo, mara moja kwa wiki, kwa miezi. Waombe wateja wa kweli waandike walichokiona. Usinunue sifa, sifa kumi za siku moja kutoka akaunti zisizo na picha zinamthibitishia msomaji kwamba kweli kuna kitu unaficha.

Kwenye usaili au tenda kubwa, kama bado kuna mabaki yanayoonekana, litaje mwenyewe kwa sentensi tatu: kilichosemwa, kilichothibitika, na nakala ya kanusho uliyoibeba. Halafu rudi kwenye kazi.

Ujiangalie pia wewe. Mtu aliyerushwa mtandaoni huanza kukwepa sherehe, kununua vitu duka la mbali, kushtuka kila simu ikitoa mlio. Usingizi ukigoma zaidi ya wiki mbili, nenda kituo cha afya uongee na mtu. Hospitali za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Watoto nao waelezwe kwa lugha yao, kwa sababu shuleni wataambiwa.

Mwisho, weka kila kitu kwenye bahasha moja na nakala moja kwenye barua pepe: ushahidi, barua, kanusho, namba ya RB, hukumu kama ipo. Ujumbe wa WhatsApp haufi. Utarudi siku moja kutoka kundi la shule ya msingi, umetumwa na mtu asiye na ubaya wowote. Siku hiyo usianze upya. Mtumie yeye peke yake, siyo kundi zima: "Salamu ndugu yangu. Ujumbe huu ni wa zamani, na aliyeuandika aliukanusha. Kanusho hili hapa. Nakuomba uufute, na umtumie kanusho hili aliyekuletea."